Teo wa Siti ya Nane

Mfuko wa vitabu ulipofunguliwa pale maktabani, wanawake watano kati ya sita waliouzunguka walimgeukia Harriet Lindqvist, maana yeye ndiye mwenyekiti wa chama chao cha kusoma na yeye ndiye aliyeandika oda.

Walikuwa wameagiza riwaya iitwayo Kengele ya Tatu, kurasa mia nne na themanini, habari za mafundi waliosubu kengele za makanisa wakati wa vita. Iliyokuja ilikuwa Kengele ya Tatu nyingine kabisa. Jaladani walisimama vijana watatu wa shule juu ya paa, mmoja ameinua kiganja kama trafiki, na mbele ya kiganja hicho jiwe kubwa limeganda hewani. Harriet alikifunua cha kwanza, akakuta picha. Akafunua cha pili, akakuta picha zilezile. Vyote sita vilikuwa vitabu vya katuni.

Mkutubi aliomba radhi. Alisema majina yamegongana kwenye kompyuta, na kwamba riwaya yenyewe ina foleni ndefu, hawataipata kabla theluji haijayeyuka. Harriet akasema basi virudishwe. Alikuwa amefundisha Kilatini miaka thelathini na minne, na kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa amewanyang'anya watoto vitabu vya aina hii vya kujaza kabati mbili. Hakuona sababu ya kuanza kuvisoma akiwa na miaka sabini na tisa. Phyllis Tate, nesi mstaafu ambaye kwa kawaida hakusema mengi, akajibu kwamba yeye amekuja kwenye theluji ya magoti na hatarudi nyumbani mikono mitupu. Ikabidi kura ipigwe.

Wanda Kosiba alinyosha mkono upande wa Phyllis. Si kwamba alivipenda vitabu vile. Mwezi uliopita Harriet alikuwa amewasomesha maisha ya mfalme mmoja aliyechukua kurasa mia sita kufa, na Wanda aliona chochote chenye picha, baada ya mfalme yule, ni likizo. Waliotaka kuvichukua wakashinda, wanne kwa wawili.

Wanda alikuwa na miaka sitini na minane. Kwa miaka thelathini na mmoja aliendesha basi la shule hapo mjini Erie, njia namba kumi na nne, akichukua watoto wa upande wa mashariki, kule upepo wa ziwani unakokuja na theluji ya pembeni, na kuwafikisha sekondari kabla kengele haijalia. Katuni hakuwahi kusoma hata moja. Alipokuwa mdogo, mama yake, Mpolandi asiyekaa bure hata Jumapili, alishikilia kwamba vitabu vya picha ni vya watoto wasio na kazi, kisha akampa kazi. Baadaye kukawa na basi, na watoto wake wawili, na basi tena.

Alikisoma siku ileile alasiri, jikoni, wakati viazi vya kujazia pierogi, maandazi ya Kipolandi ya kuchemsha, vikiwa motoni. Alikisoma kama dereva anavyosoma vibao vya barabarani: maneno anayachukua, mengine anayapita. Palipokuwa na maneno mengi alikaza macho. Palipokuwa na kurasa tupu, zenye picha peke yake, alifunua akaendelea, akidhani ni mapumziko. Mara mbili tatu alijikuta amesoma jibu kabla ya swali, akarudi nyuma, akaguna, akaendelea. Viazi havijalainika kitabu kikaisha.

Mumewe, Stan, aliingia kutoka kusukuma theluji uani akauliza kikoje.

"Kengele ya tatu ikilia, watoto waliochelewa darasani wanapata nguvu za ajabu," Wanda akamwambia. "Yuko Nadine, anasikia kitu kitakachovunjika kabla hakijavunjika. Yuko Priya, anasimamisha chochote kwa sekunde tisa. Yuko Boyd, akikasirika anakuwa mzito mpaka sakafu inalia. Wanagombana, basi lao linateleza darajani, kitabu kimeisha. Hata hawakumaliza."

"Kizuri lakini?"

Wanda akasema ni kama kunusishwa supu halafu bakuli linaondolewa. Akakitia kwenye mfuko wake wa maktaba, akavitoa viazi motoni.

Baada ya majuma mawili, Jumatano saa nne asubuhi, chama kikakutana tena. Wanda alikwenda akiwa na hakika kwamba watakicheka kitabu kwa dakika kumi, wanywe kahawa, wale pipi za chokoleti zenye vitundu ndani kama sifongo, alizoahidi Phyllis, watawanyike. Alipoingia alimkuta Phyllis anapenga kamasi, na wenzake wawili wameinamia ukurasa mmoja kama watu wanaotafuta sindano.

"Mimi huyu Teo ndiye aliyenimaliza," Phyllis alikuwa akisema. "Nilikiweka kitabu chini nikaenda kuosha vyombo, nikashindwa, nikarudi."

Mazungumzo yakaendelea. Teo hivi, Teo vile. Je, mama yake Teo anajua. Pale kantini Teo aliposogeza trei yake, mliona? Wanda alikifungua kitabu chake chini ya meza, akaukagua mgongo wake, akidhani labda nakala yake imechomoka kurasa. Hazikuwa zimechomoka. Akavumilia, akavumilia, mwisho akauliza.

"Teo ni nani?"

Wakamtazama. Phyllis akamgusa mkono taratibu, kama alivyokuwa akiwagusa wagonjwa. "Mwenzangu, yule mvulana wa kwenye basi."

"Kwenye basi wamo Nadine, Priya na Boyd."

"Na Teo. Siti ya nane, dirishani. Jina lake limeandikwa kwenye begi. Hasemi neno lolote toka mwanzo mpaka mwisho, ndiyo maana."

"Yumo kwenye kurasa sabini na moja," Harriet akasema. Wote wakageuka. Harriet, aliyeapa kwamba hatakifungua, alikuwa na lenzi ya kukuzia maandishi mkononi na karatasi iliyojaa namba mbele yake. "Nimehesabu," akaongeza, akainywa kahawa yake bila kumtazama mtu.

Walicheka, na Wanda akacheka nao, lakini uso wake ulikuwa unawaka moto. Wenzake hawakujua kilichomchoma. Mwisho wa kila safari, dereva wa basi la shule huzima injini, akainuka, akatembea mpaka siti ya nyuma kabisa, akiinama kila siti, kulia na kushoto, kutazama kama kuna mtoto aliyesinzia. Asubuhi na jioni, kiangazi na baridi, hata kama ana homa. Wako madereva waliowahi kusahau, na mtoto akakutwa analia peke yake kwenye basi lililoegeshwa. Wanda, miaka thelathini na mmoja, hakuacha mtoto. Lilikuwa jambo moja maishani mwake alilojivunia bila kumwambia mtu. Na sasa amemwacha mmoja, tena kwenye kitabu chenye picha, mbele ya macho yake.

Nyumbani hakuvua hata koti. Alikifungua kitabu juu ya meza ya jikoni akaanza upya, safari hii kwa kutembea polepole mpaka nyuma. Maneno aliyaacha. Alitazama kila kisanduku cha picha, akauliza: humu ndani wamo wangapi?

Teo alikuwamo. Ukurasa wa tatu, nyuma ya mlango wa kabati, kiatu kimoja na nusu ya begi. Ukurasa wa tano, kwenye kioo cha dirisha, uso mdogo mwembamba. Kantini, wenzake wakicheka, yeye anasogeza trei yake kumpisha mtu asiyemwona, na yule mtu anakaa bila kugeuka. Hata jaladani alikuwamo: vijana watatu juu ya paa, na vivuli vinne. Wanda akapiga meza kwa kiganja.

Halafu akafika kwenye zile kurasa tupu alizozifunua kama mapumziko. Zilikuwa nane. Mvulana amekaa kwenye basi, siti ya nane. Watoto wanapanda, wanashuka. Hakuna anayesema naye. Kisanduku kwa kisanduku anafifia: kwanza vidole, halafu nywele, halafu shingo, mpaka mwisho kwenye siti limebaki koti jekundu limekaa wima peke yake, na kituo chake kinapita, na basi halisimami. Hiyo ndiyo nguvu aliyopewa Teo siku ya kengele ile. Wenzake walipata nguvu za kufanya. Yeye anatoweka kila anaposahauliwa, na hana namna ya kuizuia.

Wanda alikaa akitazama koti lile mpaka Stan akaja kuuliza kuhusu chakula cha mchana. Alimsukumia kitabu badala ya chakula.

Stan alikuwa amepiga rangi vichwa vya treni kiwandani kwa miaka ishirini na sita. Hadithi hakuifuata sana, lakini alivaa miwani akasogea dirishani penye mwanga, akapitisha kidole kisanduku kwa kisanduku. "Aliyepaka hizi anajua kazi," akasema mwishowe. "Tazama, bibie. Hakuipunguza rangi kwa kuongeza nyeupe, mtu mvivu angefanya hivyo. Ameichukua nyekundu akaipeleka kwenye rangi ya tofali, halafu ya udongo, halafu ya vumbi. Unaona koti linakufa bila kuona limeanza kufa wapi." Akafunua kurudi mwanzo, akavuta kiti. Siku hiyo walikula mkate na jibini saa kumi.

Tatizo likawa lile basi darajani. Kitabu kilikuwa kinaisha basi likiwa limening'inia, magurudumu ya mbele hewani, na sasa Wanda alijua alichokuwa hajui mwanzo: vijana wale watatu wako mbioni kuruka, na siti ya nane kuna mtoto ambaye hakuna anayejua yumo. Aliipigia simu maktaba. Kitabu cha pili kilikuwapo, nakala mbili kwa wilaya nzima, naye angekuwa mtu wa kumi na tisa kwenye foleni. Alikaa na habari hiyo siku mbili. Siku ya tatu akawasha gari, akaenda kwenye duka la katuni la barabara ya Peach, ambalo alikuwa amelipita maelfu ya mara bila kugeuza shingo.

Ndani palikuwa na joto na harufu ya karatasi mpya. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamume mnene mwenye ndevu za mvi, umri kama miaka arobaini na minne, anapanga vitabu. Aliinua macho akamwona Wanda akikung'uta theluji mlangoni. Akaviacha vitabu, akasimama wima, akanyosha mikono yote miwili ionekane.

"Bi Wanda," akasema, "sijatupa kitu. Naapa."

Ilimchukua Wanda muda kumtoa mtoto ndani ya ndevu zile. "Curtis Amendola," akasema. "Siti ya mbele, mkono wa kulia."

"Miaka mitatu, Bi Wanda. Miaka mitatu ulinikalisha hapo kwa bonge moja la theluji."

"Halikuwa moja. Na ndani kulikuwa na yai."

Curtis hakubisha. Alimletea kiti, akauliza kilichomleta, na aliposikia ni Kengele ya Tatu alifurahi mpaka akakosa la kufanya na mikono yake. Alimpa kitabu cha pili. Wanda akamweleza aibu yake yote, kwamba alimpita Teo mzimamzima, na Curtis akamwambia hilo huwapata wengi wanaoanza, hasa waliozoea vitabu vya maneno. Wanadhani picha ni pambo. Akamshauri kila anapofungua kurasa mbili azitazame zote kwa pamoja kwanza, kabla hajasoma neno.

"Kama njia panda," Wanda akasema. "Unaiangalia yote kabla ya kuingiza basi."

"Ehe. Hivyo hivyo."

Hakuweza kusubiri kufika nyumbani. Alikisoma garini, kwenye maegesho ya duka, injini inanguruma na kipasha joto kikivuma miguuni. Priya alilishikilia basi kwa sekunde tisa, akapumua, akalishikilia tena. Nadine alisikia vyuma vya daraja vitakavyokatika na kuwaonya wenzake. Mlango wa mbele ulikuwa umebanwa na ukingo wa daraja, hivyo Boyd akavunja madirisha kwa ngumi, watoto wakatokea humo wakikatwa na vioo, na dereva, ambaye hakuwa na uso bali kofia na kisogo tu, alikuwa amezimia juu ya usukani. Teo akabaki, mpaka akatambaa mwenyewe kutoka dirishani, wa mwisho, bila mtu kumwona. Lakini hapo Wanda alikuwa ameshaacha kumfikiria Teo. Alikuwa anautazama mgongo wa basi. Pale unapotakiwa kuwa mlango wa dharura palikuwa na ukuta, na kwenye ukuta huo limefungwa gurudumu la akiba.

Alirudi dukani na kitabu mkononi. Alimwambia Curtis kwamba basi la shule lina mlango wa nyuma, una kishikio chekundu, unainua tu, mtoto wa miaka sita anaweza, yeye mwenyewe aliwafundisha kila mwaka mara mbili, na juu ya paa kuna mifuniko miwili ya kutokea, na gurudumu la akiba hakuna basi linalobeba. Hakuna hata mtoto mmoja aliyekuwa na haja ya kukatwa na kioo. Curtis alimsikiliza kwa adabu ya mtu aliyekaa siti ya mbele miaka mitatu. Kisha akafunua ukurasa wa mwisho, akamwonyesha anwani ya wachapishaji. Akasema hawa huzisoma barua, na kwamba kitabu cha tatu hakijamalizwa kuchorwa, kitatoka Novemba.

Kuiandika barua kulichukua siku nne. Stan alitaka iwe fupi. Wanda aliandika kurasa tano. Ilianza hivi:

"Kwa Bi Maribel Stroud, mchoraji. Mimi sijazoea vitabu hivi na cha kwanza nilikisoma vibaya. Sasa nakisoma vizuri, na nakushukuru kwa Teo. Lakini basi lako litaua watoto."

Kisha akaeleza. Alichora mwenyewe, kwa rula, basi kwa upande na kwa nyuma, akaonyesha milango, mifuniko, madirisha yanayosukumwa, kibao cha kusimamisha magari, na kioo kirefu cha juu ya dereva. Kando ya kioo hicho aliandika kwamba dereva huwaona wote humo, kila siku, na kwamba si kweli kwamba ni kofia na kisogo. Stan aliusoma mstari huo mara mbili, akaenda kutafuta stempu.

Ikapita Februari. Machi ikaingia na matope yake. Chama kilisoma kitabu cha mapishi ya baharini chenye mauaji ndani, ambacho hakuna aliyekipenda, na Harriet akapendekeza, kana kwamba ni wazo lililompitia tu, kwamba labda wawe na kitabu kimoja cha picha kila robo ya mwaka. Hapakupigwa kura safari hii. Mwezi uleule Wanda alikuta kwenye sanduku la barua bahasha nene kutoka Oregon.

Maribel Stroud aliandika kwa mkono, kwa herufi ndogo zilizosimama kama askari. Alikiri kwamba hakuwahi kupanda basi la shule maishani mwake. Alikulia shambani, mama yake akamfundisha nyumbani mpaka akawa mtu mzima, na basi lile alilichora kwa kuangalia lori la jirani. Alisema barua ya Wanda ameibandika ukutani mbele ya meza yake ya kazi. Halafu yakafuata maswali, ukurasa na nusu. Dereva huweka wapi glovu zake? Kukiwa na theluji, ndani ya basi kunanuka nini? Watoto wakubwa hukaa nyuma au mbele? Na la mwisho, lililopigiwa mstari: je, uliwahi kuwa na mtoto kama Teo, na ulimfanya nini?

Wanda alijibu yote. Glovu hukaa juu ya dashibodi, upande wa hewa ya moto. Basi la theluji hunuka sufu iliyolowa, maganda ya chungwa na, siku za Ijumaa, soseji za pepperoni zilizookwa ndani ya mkate, maana kila mama wa upande wa mashariki huzifunga siku hiyo. Wakubwa hukaa nyuma, na anayekaa mbele akiwa mkubwa ama anatumikia adhabu ama anaogopa kitu.

Swali la mwisho aliliacha mpaka asubuhi iliyofuata. Aliandika kwamba alikuwapo mvulana mmoja, Gerald Fenn, aliyepanda kwenye kona ya bohari mwaka mzima bila kufungua mdomo. Wenzake hawakumchokoza hata, walilikalia begi lake kana kwamba hayupo. "Sikumfanya kitu," Wanda aliandika. "Dereva hana muda wa kufanya kitu, ana magari mbele na magari nyuma. Nilikuwa namtaja jina. Kila asubuhi mlango ukifunguka nasema, habari za asubuhi, Gerald. Jioni nasema, kesho, Gerald. Hakujibu. Mimi nikasema tu, siku zote za shule. Mwezi wa Mei, siku moja anashuka, akageuka akaniambia, Bi Wanda, taa yako moja ya nyuma haiwaki. Nikaenda nikatazama, kweli ilikuwa haiwaki. Baada ya hapo alikuwa ananiambia mengi kuliko nilivyotaka kusikia. Sasa ni fundi umeme huko Buffalo, ana watoto."

Jibu la barua hiyo lilikuwa postikadi yenye maneno mawili, asante sana, na mchoro mdogo wa glovu mbili juu ya dashibodi. Wanda aliibandika kwenye mlango wa friji. Kiangazi kikaja, watu wakaenda ufukweni, Stan akapaka upya uzio, na kila aliyetembelea nyumba ile aliombwa, kabla hajapewa kahawa, atafute vivuli vinne.

Kitabu cha tatu kilitoka Jumatano ya Novemba, asubuhi ya theluji ya kwanza. Curtis alifungua duka akawakuta wanawake sita mlangoni, wamesimama kwa mstari kama watoto kituoni, Harriet mbele na lenzi yake mfukoni. Alikuwa amewawekea viti. Stan alisema yeye atasubiri garini na redio yake.

Hawakusoma kwa sauti na hawakusemeshana. Kila mmoja alikuwa na nakala yake, na lililosikika ni karatasi tu, na mara mojamoja mtu kuvuta pumzi. Basi la kitabu cha tatu lilikuwa jipya, limeletwa na shule baada ya lile la darajani. Wanda alilikagua kwanza, kabla ya neno lolote. Mlango wa nyuma ulikuwapo, na kishikio chekundu. Mifuniko ya paa, miwili. Kioo kirefu. Glovu. Hata ganda la chungwa sakafuni.

Mbele yake kulikuwa na kurasa mbili bila neno, na hizi hakuzipita. Asubuhi, theluji, kituo cha basi. Nadine anapanda, Priya anapanda, Boyd anapanda. Kisha kituo kitupu, na koti la rangi ya vumbi limesimama wima bila mtu ndani. Mlango uko wazi. Kwenye kioo kirefu yanaonekana macho ya dereva mpya, nayo hayatazami barabara. Yanatazama koti.

Ukurasa uliofuata, kiputo kimoja kidogo cha maneno, kinachotoka kwa dereva: "Habari za asubuhi, Teo."

Katika vitabu vyote vitatu ilikuwa mara ya kwanza mtu kulitamka jina hilo. Kwenye ukosi wa koti, ukubwa wa kidole, nyekundu ilikuwa imeanza kurudi.

Phyllis alikuwa ameshatoa leso. Harriet alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Wanda hakulia, alikaa na kidole chake kando ya kile kiputo, anakitazama, akisikia joto linampanda kifuani kama asubuhi zile kipasha joto cha basi kilipokubali kuwaka.

Stan alikuwa amechoka kusubiri. Aliingia na viatu vyake vya theluji, akaja kusimama nyuma ya kiti cha mkewe, akainama begani kwake. Aliitazama nyekundu ya ukosi kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akamtazama dereva mpya, ambaye sasa alikuwa na uso: kijana wa miaka ishirini na tano hivi, mabega mapana, ndevu nyingi.

"Naona wamekuotesha ndevu," akasema.

Duka zima likacheka, Curtis kuliko wote. Wanda alimpiga mumewe kiwiko cha tumbo bila kugeuka. Stan akanyosha mkono afunue ukurasa unaofuata, na Wanda akauzuia kwa kiganja.

"Ngoja kwanza," akamwambia. "Sijamaliza kuhesabu waliopanda."